"Hakiumi, mwanangu"

Leicester, Uingereza
Jumamosi usiku

Mamangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nakushika miguu. Salamu hii tumeizoea kwa mkato wake, shikamoo, hata tumesahau kuwa ndani yake mna miguu ya kweli. Leo naitoa nzima kwa kuwa miguu yako ndiyo iliyonikalisha kuandika. Mimi sijambo, ila baridi. Hofu ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu.

Utauliza mbona sikupiga simu. Nilipiga jana, mama. Nilipokutajia kidonda ukanambia, "Hakiumi, mwanangu," ukaniuliza kama nimekula, ukaingia kwenye bei ya nazi pale Marikiti, na kabla sijakurudisha mguuni adhana ya Magharibi ikakuokoa. Ndipo nikaona niandike. Farida nimemtumia barua hii kwenye simu yake akusomee kesho barazani baada ya Alasiri, neno kwa neno, hata pale utakapomkata jicho aruke. Farida, usiruke.

Picha nililetewa na Salim. Usimkasirikie, mimi ndiye niliyemlazimisha. Nimeliona hilo shimo chini ya kidole gumba, limezungukwa na sugu nene kama ukoko wa wali. Anasema lina wiki 3, na kwamba unauloweka mguu kwenye maji ya moto yenye chumvi na majani ya mwarobaini, kisha unafungua kile kidonge cha rangi mbili ulichouziwa duka la dawa na kumwaga unga wake juu. Na sokoni unakwenda na kurudi kwa miguu kama kawaida.

Kilichoninyima usingizi ni lile neno "hakiumi". Kidonda cha wiki 3 kwenye wayo, kinachokanyagwa kutwa, kilitakiwa kikuume hata uchechemee.

Sukari yako sasa ina miaka 11. Ikikaa juu kwa muda mrefu huiharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, inayofika vidoleni mwa miguu. Mwanzo mtu huhisi kuchomwachomwa usiku, au ganzi. Wakumbuka ulivyokuwa ukisema wahisi umevaa soksi hali huna soksi, sote tukacheka? Mimi nilicheka kuliko wote, na hadi leo naona haya. Baadaye hata hisia hizo hupotea, na mtu akashukuru kuwa amepona. Wakati huohuo mishipa ya damu nayo huwa inazidi kuwa myembamba, damu ya kuponya kidonda haifiki ipasavyo. Mguu kama huo kokoto likiuchoma hakuna wa kupeleka habari kichwani.

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi yuko mzee mmoja mcheshi, mwenye sukari kama wewe. Jioni moja nilimvua kiatu, soksi ikakataa kutoka. Nikavuta. Kumbe ilikuwa imepigiliwa: kipini cha ubaoni, kile cha kubandikia matangazo, kilikuwa kimepenya soli na kumwingia kisiginoni, naye alikuwa akikitembelea tangu asubuhi. Akanitazama ninavyotetemeka, akauliza kuna nini. Tangu siku hiyo simvishi mtu kiatu kabla sijapitisha mkono ndani, nawe nakuomba ufanye hivyo hivyo.

Sasa Farida, soma sehemu hii mpaka mwisho, halafu uifanye. Bibi afumbe macho. Umguse ncha ya kidole cha mguu kwa ncha ya kidole chako cha shahada, kwa wepesi kama unagusa manyoya ya kifaranga, sekunde 1 au 2. Usibonyeze, usigonge, usipapase. Anza na kidole gumba cha kulia, kisha kidole cha mwisho cha kulia. Halafu gumba cha kushoto na cha mwisho cha kushoto. Malizia na cha kati cha kulia, na cha kati cha kushoto. Kila akihisi aseme ni mguu wa kulia au wa kushoto, na asipohisi usirudie. Jumla ni miguso 6. Ikimpita 2 au zaidi, basi hisia zimepungua. Kipimo hiki kimetoka mji wa Ipswich, hukuhuku Uingereza, na uzuri wake ni kuwa hakihitaji kifaa wala daktari. Mama, usimdanganye mtoto. Nakujua kwa kuchungulia.

Na hata ukihisi yote 6, kidonda kipo, na safari ya hospitali iko palepale.

Kwa sasa acha kuloweka. Ngozi isiyo na hisia haijui maji yamekuwa moto kiasi gani, na ikilowa sana hulegea, ikapasuka. Kunawa ni kwa maji vuguvugu, uyapime kwa kiwiko. Kile kidonge kimetengenezwa kumezwa, tena kwa amri ya daktari. Unga wake ukikauka hufanya ganda juu, na chini ya ganda hujui kunapikwa nini. Funika kidonda kwa kitambaa safi cha hospitali, basi. Na wembe wa Mjomba usikaribie sugu hiyo, wala zile plasta za sugu zenye asidi, maana hula na nyama nzima. Peku hapana, hata kutoka chumbani hadi jikoni. Kandambili nazo si kiatu cha mtu wa sukari, ingawa najua maneno haya Mombasa ni kama kumwambia mtu aoge na kofia.

Udhu sikukatazi, audhubillahi. Ila ukishatia udhu, jifute kwa upindo wa leso baina ya vidole, kila mara, maana unyevu wa hapo ndio unaoleta fangasi. Kuhusu bandeji na udhu, maalim wa mtaani atakwambia vizuri kuliko mimi.

Hina pia ingoje. Harusi ipo, nimesikia, na utataka nyayo zako zing'ae. Lakini ngozi zetu zenyewe hazionyeshi wekundu kwa wepesi, ukiongeza hina hata daktari ataona tabu. Farida, kwa ajili hiyo tumia mgongo wa mkono: mshike bibi huku na huku, ulinganishe joto. Mguu mmoja ukiwa moto kuliko mwenzake, hiyo ni habari. Na siku yoyote mguu ukivimba na kuwa moto hata bila kidonda, hata bila maumivu, asiukanyage tena mpaka aonwe. Mifupa ya mguu wa sukari huweza kuvunjika na kupinda ndani kwa ndani, mwenyewe anatembea.

Najua kinachokuzuia, na nauli haihusiki. Ni Ami Bakari. Alikwenda hospitali na miguu 2 akarudi na 1, na tangu hapo ikawa ndiyo kauli ya mtaa: ukienda na kidonda cha sukari, watakukata. Nilikuwa darasa la 6, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kumpelekea uji, kwa hiyo niliyaona yaliyotangulia. Makubadhi mapya ya Idi yalimchubua, Mfungo Mosi. Mpaka inaingia Mfungo Tatu hajaonana na daktari. Chumba chake kikifukizwa udi kutwa, na sisi watoto tulijua udi ule unafunika nini. Kilichokatwa kilikuwa kimekwisha kufa, mama. Kama angekwenda wiki ile ya kwanza sisemi angepona kwa yakini, ila daktari angeukuta mguu. Huku, mtu wa sukari akipata kidonda cha mguu, mwongozo wao unataka apelekwe kwa wataalamu wa miguu ndani ya siku 1 ya kazi. Siku 1. Wewe una 21.

Jumatatu Salim ameomba ruhusa gereji, atakuja na tuktuk saa 1 asubuhi. Muende hospitali kuu pale Makadara, na mkifika tu mseme: sukari, kidonda cha wayo, wiki 3. Ukianza na habari za presha na goti, kidonda utakitaja ukiwa umeshika mlango wa kutokea. Wakague miguu yote 2. Watatafuta mapigo ya damu kwenye mgongo wa mguu na nyuma ya kifundo, watapunguza sugu na nyama iliyokufa, huenda wakataka picha ya mfupa na damu ya kile kipimo cha sukari ya miezi 3. Dawa za kumeza ni ikiwa kuna uambukizo. Lakini kubwa kuliko yote, na ndilo utakalobishana nalo, ni kuuondolea mguu uzito. Kidonda cha wayo hakifungi kinapokanyagwa, hata ukipakwa dawa ya dhahabu. Muulize daktari waziwazi utatembeaje na uvae nini, na Marikiti aende Farida.

Usingoje Jumatatu ikiwa usiku huu kidole kitageuka rangi ya bluu au cheusi, kidonda kitanuka au kutoa usaha, joto na uvimbe utapanda juu ya mguu, au utapata homa, baridi na kutapika. Hapo ni kuondoka saa hiyohiyo, hata kama ni saa 8 za usiku. Salim, simu iwe na chaji.

Nanyi mnaosikiliza mkidhani mmenusurika, ngojeni kidogo.

Salim, ule utando mweupe unaokuwasha baina ya vidole ni fangasi ya viatu vya kazini. Paka krimu ya klotrimazole au terbinafini, na ukiona nafuu usiiache siku hiyohiyo, maliza muda ulioandikwa kwenye boksi. Ile krimu ya uso ya dada unayoiiba acha. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi: kuwasha hutulia, fangasi ikastawi. Kucha ikate kwa kunyooka, usiifuate pembeni, na hiyo ya gumba inayozama nyamani ikianza usaha, usiichokoe na bisibisi. (Nimesikia.) Na ukikanyaga msumari gereji, usiishie kumwaga spiriti. Kaulizie sindano ya pepopunda.

Dada Mwanaisha, kisigino kinachokuchoma hatua za kwanza za asubuhi kisha kikapoa ukitembea, aghalabu ni ule utando wa chini ya wayo unaovutika pale ulipojishika kisiginoni. Kusimama dukani kutwa kwenye viatu bapa kunauchochea. Tafuta soli nene, nyoosha vigimbi asubuhi na jioni, gandisha chupa ya maji uiviringishe chini ya wayo. Huchukua miezi, usikate tamaa. Wiki 2 bila nafuu yoyote, au ukipata ganzi, au ukishindwa kukanyaga, ndipo daktari.

Mjomba, shikamoo. Kidole gumba kilichokuamsha usiku, kikawa chekundu na moto hata shuka huivumilii, usikiite baridi. Huenda ni jongo, na lina dawa yake. Kapimwe, upunguze maini, figo na soda. Likikupata tena pamoja na homa, nenda siku ileile, kwa sababu kiungo kilichoingia usaha hufanana nalo sana. Ule wembe ubaki wa ndevu.

Mimi mwenyewe sina la kujivunia. Mwaka wangu wa kwanza huku nilitoka kwenye theluji nikaipandisha miguu moja kwa moja juu ya hita, mtoto wa Kibokoni nimepata moto. Vidole vikavimba, vikageuka zambarau, vikawasha wiki nzima. Wenyeji wanajua kuwa miguu ya baridi hupashwa polepole, nami nilijulia hapo.

Farida, ukimaliza kusoma na jua bado lipo, mpige bibi picha ya nyayo zote 2, uweke sarafu ya shilingi 5 kando ya kidonda nijue ukubwa wake. Kisha fanya hivyo kila jioni, saa ileile. Pesa za tuktuk na za dawa ziko kwenye simu ya Salim, na Salim anajua nimezihesabu.

Nisalimie jirani Mama Rukia na wote wa barazani. Jumatatu ukitoka kwa daktari nipigie wewe mwenyewe, mama. Tuanze na mguu, nazi baadaye.

Wasalaam,
mwanao Zuhura

Na ndiyo, nimekula. Wali na kunde.