Mke wa Martinson naye ana jina

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Gazeti lenu hunifikia siku mbili baada ya kutoka, likiwa limeshasomwa na wageni wa nyumba ninakopika huku Shela, na mara nyingine limeshafungiwa samaki. La wiki iliyopita lilinifikia zima. Mlikuwa na makala kuhusu washindi wa tuzo ya Nobel ya fasihi. Mkaanza na Abdulrazak Gurnah wetu, mzaliwa wa Unguja, aliyeipata 2021, mkarudi nyuma hadi 1974, mwaka ambao Waswidi wawili, Eyvind Johnson na Harry Martinson, waligawana tuzo hiyo. Mkaeleza vizuri jinsi Martinson alivyoachwa na mama yake akiwa mdogo, akalelewa kwa watu, akawa baharia na kuchochea makaa melini. Kisha mkamalizia: "Mkewe naye aliandika."

Maneno matatu, Mhariri! Nilikuwa kwenye mbuzi nakuna nazi, nikaiacha.

Huyo "mkewe" ni Moa Martinson. Namjua kwa sababu mgeni mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Uswidi, aliniachia vitabu viwili vya Moa vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza, pamoja na kofia ya ukindu iliyomshinda kuipakia sandukuni. Kiingereza changu ni cha darasa la nane na cha jikoni. Kitabu cha kwanza kilinichukua miezi mitano, kamusi ubavuni, nikisoma alfajiri wakati unga wa mahamri ukingoja kuumuka. Kurasa zake sasa zina madoa ya tui.

Kilichonishika kwanza ni kwamba alikuwa mpishi. Alizaliwa 1890, mama yake akiwa kijakazi na kibarua wa viwanda vya nguo vya Norrköping, hajaolewa. Moa alipokuwa kigoli wa miaka kumi na mitano hivi alifundishwa kazi ya kuandaa vyakula baridi vya hoteli, samaki na nyama za kupangwa kwenye sinia. Kwetu hiyo si kupika, ni kupakua. Lakini kusimama kutwa kwa miguu iliyovimba, ukimpambia sinia mtu asiyejua jina lako, hilo halihitaji kamusi.

Kitabu ninachokipenda kilitoka 1936. Kinaanza na harusi ya mama, na anayesimulia ni binti yake mdogo, Mia. Mama anaolewa na kibarua mpenda pombe, na tangu hapo ni kuhama tu: chumba hiki, chumba kile, shule mpya, watoto wapya wa kumtazama Mia viatu. Mimi nimehama Langoni, Gadeni, Wiyoni, kisha Langoni tena, na kila mara mama alinituma nitangulie na taa ya chemni mkononi ili isivunjike juu ya punda. Sikuwahi kufikiri kwamba kuhamahama nyumba za kupanga kunaweza kuwa hadithi. Nilidhani ni aibu ya nyumbani, ya kufungiwa mlango.

Cha kwanza kuchapishwa, cha 1933, kina vikongwe wawili wanaokwenda kuoga pamoja, na kijiji kizima kinawaona wamerukwa na akili kwa kuoga tu. Hapo nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mwanamke wa Lamu asemwe kwa kuoga! Lakini ukiendelea kusoma unaelewa. Wale wameshazaa na kufanya kazi mpaka miili yao si yao tena, na kile chumba cha maji ya moto ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayewaita.

Aliolewa 1910 na mfanyakazi wa mawe, wakakaa kwenye kijumba cha mashambani kiitwacho Johannesdal, kusini ya Stockholm. Wana watano katika miaka michache. Mnamo 1925 wawili wa mwisho walikufa maji. Kwao ziwa huganda wakati wa baridi hata watu wakatembea juu yake, na mwezi wa nne barafu ile huwa imeshalainika. Miaka mitatu baadaye mumewe akajiua. Sitaongeza neno hapo. Sisi wa visiwani tunajua maji yakichukua yanachukua nini.

Na bado aliandika. Alianza mwanzoni mwa miaka ya 1920 katika gazeti la wafanyakazi liitwalo Arbetaren, maana yake Mfanyakazi. Ndiyo maana nakuandikia wewe, Mhariri, wala si mwingine: yule mama aliingia kwenye fasihi kwa mlango wa gazeti. Harry alimjia baadaye, kijana ambaye Moa alimtangulia kuzaliwa kwa miaka kumi na minne, ametoka baharini na kifua kikuu. Wakaoana 1929, naye Harry akaandika vitabu vyake kwenye kijumba cha yule mjane. Waliachana 1940. Harry akaingia katika Chuo cha Uswidi 1949, chuo hicho hicho kinachotoa Nobel ya fasihi. Alipopewa tuzo akiwa bado mwanachama, yeye na mwenzake, Waswidi wengi walilalamika kwamba wakubwa wanapakuliana wenyewe kwa wenyewe. Moa alikuwa amekufa miaka kumi kabla, 1964. Wahakiki walimsema kwamba haandiki kwa mpango, anarukaruka. Wasomaji walimnunua vivyo hivyo. Sasa, mtu aandikaye huku sufuria iko motoni asirukeruke vipi?

Harry simkatai. Mtoto aliyeachwa na mama aliyekwenda zake Marekani ana haki ya kusikilizwa.

Hapa kwetu ukitaja mwanamke mwandishi, kila mtu atakwambia Mwana Kupona, na ni haki yake. Utendi wake wa 1858 naujua kwa ghibu. Mama alitusomea tukisuka ukili. Lakini Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Anapomwambia bintiye atwae wino na karatasi, wino upo, karatasi ipo, na jikoni yuko mtu mwingine anayeangalia chungu. Mle ndani anamuusia binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Nyanya wa nyanya yangu alikuwa upande huo wa kazi. (Haya Lamu hatuyasemi barazani, nami nisingeyasema lau si hasira.) Yeye hakuacha hata ubeti mmoja. Nilipomsoma Moa ndipo nilipokuta, kwa mara ya kwanza, kitabu kilichoandikwa kutoka upande wa chungu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, masahihisho. Jina lake lote, mwaka aliozaliwa na aliokufa, na herufi ziwe sawa na zile za mumewe, si zile ndogo mnazotumia kwa matangazo ya viwanja.

La pili ni swali. Mwenzangu mmoja huparua samaki gatini tangu ujana wake. Nyimbo za vugo, zile za wanawake harusini, alizozitunga mwenyewe hazihesabiki, na nyingine ni kali, zinawataja wenye majahazi kwa mafumbo ambayo wenyewe wanayaelewa vizuri sana. Hajui kuandika. Nimeanza kumwandikia kwenye daftari la hesabu za jikoni, upande wa nyuma, na tumefika nyimbo kumi na moja. Juzi mwenye nyumba alilifungua akitafuta bei ya kamba, akakutana na wimbo kuhusu mwanamume mbahili. Alisoma mpaka mwisho, akarudisha daftari bila kusema kitu. Mkiletewa, mtazichapa? Mwandiko wangu unasomeka, ila mtavumilia harufu ya iliki.

Nijibuni gazetini, maana simu yangu inakaa na mwanangu. Naishia hapa, unga umeumuka.

Mpishi, Langoni, Lamu