Mashine ya presha iko njiani, Mama

Leeds, Uingereza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo inayotusumbua. Mzigo nimempa Shemeji, anashuka Dar mwisho wa mwezi, atakutumia Tanga kwa basi. Ndani kuna mashine ya presha. Nimechagua ya kufunga mkono wa juu, maana zile za kifundo cha mkono hukosea upesi, tena ni ya betri, umeme ukikatika usikwame.

Umeme nautaja kwa sababu hata wazee ninaowahudumia huku unawatia wasiwasi. Wengi huvaa kitufe shingoni. Mtu akianguka anakibonyeza, simu inapiga kituo cha msaada. Vya zamani vilitegemea simu ya mezani ya waya wa shaba. Laini hizo zinaondolewa, mpango ni zizimwe zote kufikia Januari 2027, na hizi mpya za intaneti umeme ukienda nazo zinakufa, labda kuwe na betri ya akiba. Usidhani huku kila kitu kimenyooka.

Sasa sikiliza. Usipime ukitoka tu sokoni, wala baada ya kahawa. Subiri nusu saa. Nenda haja kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika 5, nyayo sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi, si juu ya gauni. Na usiongee, Mama! Najua hapo ndipo penye kazi, lakini kuongea hupandisha namba. Pima mara 2 asubuhi na mara 2 jioni, uandike zote daftarini, hata zile usizozipenda, uende nalo kliniki. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani ukifika 135 kwa 85, presha iko juu. Namba nzuri zisikufanye uache dawa. Ikifika 180 kwa 120, pumzika urudie. Ikibaki palepale, nenda hospitali. Kukiwa na maumivu ya kifua au upande mmoja kulegea, usingoje kurudia.

Kaka anataka namba zako zipigwe picha kila siku ziwekwe kwenye grupu la familia. Mimi sikubali. Kuna bibi mmoja hapa mwenye kisukari, amebandikwa kidude mkononi kinachosoma sukari usiku na mchana na kuituma kwenye simu. Kinamsaidia: vidole vimepumzika kutobolewa, na sukari ikishuka usiku simu inalia. Ila bintiye, aliye mji mwingine, naye anaziona. "Mama, umekula keki?" Siku hizi bibi akitaka keki yake huiacha simu ndani akaenda kuilia bustanini. Kumbe kidude kinatunza kumbukumbu, akirudi tu kinatuma zote!

Namba ni zako na daktari wako. Sisi tuambie ukipenda.

Mkanda ukikubana, Dada apime mzunguko wa mkono wako kwa futi ya fundi cherehani anitumie, nitafute saizi kubwa.

Wasalimie wote.

Mwanao akupendaye