Matuta ya Jozani hayatoshi

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita asubuhi nilikuwa natoka Kitogani kwenda mjini. Tulipofika kati ya msitu wa Jozani gari ikasimama. Kima punju jike alikuwa amelala ubavu ukingoni mwa lami, na kitoto chake bado kimemng'ang'ania tumboni, kinalia. Aliyemgonga alishaondoka. Abiria wawili wakashuka kumvuta mama pembeni, kitoto kikakimbilia mtini. Mpaka tunafika Tunguu hakuna aliyesema neno ndani ya gari.

Asili ya kima huyu ni kisiwa chetu cha Unguja tu. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilipata kima wapatao 5,800 na ushei, wengi kuliko ilivyodhaniwa, na wengi wetu tulifurahi. Lakini karibu theluthi moja yao wanaishi nje ya hifadhi, kwenye vichaka na mashamba yanayozidi kukatwa viwanja. Na jike huzaa mtoto mmoja mmoja. Aliyekufa pale barabarani hazibiki kwa mwaka mmoja.

Wanaosema kima wanajitakia wenyewe hawajakaa Pete, kijiji jirani na Jozani, wakawaangalia. Barabara imepita kati ya msitu na mashamba yetu, nao hushinda wakivuka huku na huku kutafuta majani machanga. Wanakula majani ya miti ya mikungu na miembe, kisha wanatafuna makaa yaliyobaki kwenye majiko yetu ili sumu ya majani isiwadhuru. Mnyama mwenye akili hiyo bado hawezi kukisia mwendo wa gari inayokimbilia uwanja wa ndege.

Wazee walimwita punju, yaani sumu, na hata leo wapo wakulima wanaomlaumu kwa kula vidaka vya minazi. Siwabezi, maana mnazi ndio ada ya skuli ya mtoto. Ila watafiti waliohesabu nazi katika mashamba ya jirani na Jozani miaka ya 1990 waliona kuwa minazi iliyoliwa vidaka haikupunguza mavuno. Vidaka vingi huanguka vyenyewe, kila mkwezi anajua hilo.

Matuta yaliyowekwa barabarani pale Jozani kupunguza mwendo wa magari yamesaidia, na waliohangaika mpaka yakawekwa wanastahili shukurani. Kabla yake ilikadiriwa kima mmoja anauawa kila wiki mbili au tatu. Baadaye ikawa wastani wa mmoja kila wiki sita. Hao ni wale waliookotwa. Anayejikokota na kufia kichakani nani atamhesabu? Tena madereva wameshayazoea matuta: wanapunguza mwendo juu ya tuta, wakishalivuka wanakanyaga mafuta mpaka tuta la pili.

Ninachoomba kinawezekana. Matuta yaongezwe, yakaribiane, yafike mpaka kwenye mashamba ya Pete ambako kima wanavuka sana. Matawi yanayokutana juu ya barabara yasikatwe ovyo wakati wa kusafisha kingo, kwa sababu hilo ndilo daraja lao. Pale ambapo miti imeshaachana, zifungwe ngazi za kamba. Diani, Kenya, zimefungwa juu ya barabara tangu miaka ya 1990, na mbega wanapita juu huku magari yakipita chini.

Na nyinyi ndugu zangu mnaobeba watalii: wageni hao mnawateremsha Jozani kumwona kima huyuhuyu, na kiingilio wanacholipa kinasaidia vijiji vyetu. Mkishatoka getini, nendeni polepole mpaka msitu uishe. Mwambieni na mgeni kwa nini mnakwenda polepole. Sijawahi kusikia mgeni aliyelalamika.

Kwa wanaopanga upanuzi wa barabara za kusini, tunaomba ngazi na matuta viingizwe kwenye michoro tangu mwanzo, na watu wa Pete na Kitogani waitwe waonyeshe kima wanavuka wapi. Tunapajua kila pahala.

Mkaazi wa Kitogani,
Kusini Unguja