Vikundi vya historia vijijini vianze na mahame

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumze na vikundi vya historia vinavyoanzishwa vijijini, hasa huku kwetu Kilwa na Rufiji. Vingi vinaanza na Vita vya Majimaji. Si vibaya, ila wazee wa Majimaji walishahojiwa mwaka 1968 na wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam, na waliopigana wamekwisha zamani. Kinachopotea sasa hivi ni mahame, yaani vitongoji vilivyoachwa watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 ameshapita 70.

Anzeni kwa mtendaji wa kijiji, na ruhusa iingie kwenye muhtasari wa kikao. Mkikatisha mashambani na simu mkononi bila hilo, jioni kijiji kizima kinajua mnapima ardhi. Wenye mahame wengi bado wana mikorosho na makaburi huko, kwa hiyo hofu yao ina msingi. Chukueni nukta moja ya mahali kwa GPS ya simu, msizunguke mipaka. Habari za makaburi zibaki kwenye daftari la kikundi, zisirushwe WhatsApp.

Hame hujulikana kwa miembe kadhaa ya rika moja, minazi, na shimo palipochimbwa udongo wa kukandikia nyumba. Mwembe mmoja si ushahidi, maana kokwa hutupwa na mpita njia yeyote. Mbuyu ndio kabisa, unajiotea. Vigae vya vyungu pigeni picha mviache palepale. Simu isomwe mahali peupe, si chini ya mwembe, na subirini hadi kiwango cha kukosea kishuke chini ya mita 5. Nambari ya latitudo kusini mwa Ikweta ina alama ya kutoa mbele yake. Mkiisahau, hame la Kipatimu litatua Ethiopia.

Kwenye mahojiano, kosa kubwa ni kuwakalisha wazee sita chini ya mti mmoja. Atasema mwenye sauti, wengine wataitikia, na akina mama hawatasema kabisa. Hojini mmoja mmoja, nyumbani kwake. Simu izimwe mtandao, iwekwe juu ya kanga iliyokunjwa ili isinase mtikisiko wa meza, na isiwe mbali na mdomo kuliko urefu wa mkono. Mvua ikianza kupiga bati, simamisheni. Kabla ya swali la kwanza msemaji ajitaje, na ataje mahali, tarehe na kwamba amekubali kurekodiwa. Akitaka kusema Kimatumbi aseme Kimatumbi, tafsiri itakuja baadaye. Msimuulize "mlihamishwa kwa nguvu?" Muulizeni siku ile ilikuwaje, nani alikuja, walibeba nini, mlango na bati vilikwenda wapi.

Mwaka hautajwi kwa kukisia. Operesheni za kuhamishia watu vijiji vya ujamaa hazikuwa za wakati mmoja: ya Rufiji ilitangulia mwishoni mwa miaka ya 60, na amri ya nchi nzima ikaja Novemba 1973. Basi ulizeni kama walihama kabla au baada ya kifo cha Karume (Aprili 1972), kuzaliwa CCM (Februari 1977) au Vita vya Kagera. Ugali wa yanga peke yake hautoshi, kwani mahindi ya njano ya msaada yaliliwa miaka ya 70 na yakaliwa tena miaka ya 80.

Saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita kuiandika. Hapo ndipo vikundi vingi hufia, kwa hiyo msirekodi mtu wa pili kabla wa kwanza hajaandikwa kwenye kaunta buku. Sauti ikae sehemu mbili, na simu ya katibu isihesabiwe, maana huuzwa au huibiwa. Picha za zamani zipigeni kivulini bila flashi, kisha zirudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Msizifanyie lamineshani: joto lile huziharibu na plastiki haitoki tena. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza.

Kwako Mhariri, ombi letu ni moja. Orodha za majina ya mahame zikikufikia, zichapishe kata kwa kata. Wengi waliozaliwa huko wako Dar es Salaam, na ndio watakaosema jina lipi limekosewa au limesahauliwa.

Wanakikundi cha historia ya kijiji,
Kilwa