Kilo 16 haziondoki kwa wiki tatu za jasho

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na vijana wanaotaka kuandikishwa jeshini, hasa wale wanaojua fika kwamba mizani itawakwamisha kabla ya jambo jingine lolote. Tangazo la nafasi likitoka, mara nyingi siku ya usaili huwa imebakiza wiki chache. Hapo ndipo watu wazito huanza kukimbia mchana wa jua wakiwa wamejifunga nailoni tumboni, huku wakinywa dawa za kuendesha na kushinda na njaa. Wapo wanaopita mizani kisha wakaanguka kwenye mbio. Wengine hawaifikii hata hiyo mizani, kwa sababu goti limeshaharibika. Kinachowaangusha ni kalenda kuliko uvivu.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Majeshi mengi hulinganisha uzito na urefu kwa kipimo cha BMI: uzito kwa kilo, ugawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 88 atagawanya 88 kwa 2.89, apate 30.4. Kama kikomo cha jeshi analolitaka ni 25, anatakiwa ashuke hadi kilo 72 na robo, yaani aondoe karibu kilo 16. Kama kikomo ni 28, atapokewa akiwa na kilo 80 na ushee, na kazi yake imepungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuvipata vigezo vya jeshi husika kwa maandishi, si kusikia kwa jirani. Baadhi huongeza kipimo cha kiuno kwa futi kamba kwa yule aliyezidi uzito, na hicho humwokoa mwenye misuli mingi lakini kitambi hakifichi.

Urefu nao upimwe peku, mgongo ukiwa umegusa ukuta. Wengi wanatembea na urefu wa kwenye vitambulisho, ambao haukupimwa na mtu. Kwa aliye ukingoni, sentimita moja ya kubuni ni karibu kilo nzima: mwenye mita 1.69 kikomo chake cha BMI 25 ni kilo 71.4, si 72.25.

Sasa kalenda. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Anayekula pungufu ya kalori 500 kwa siku kuliko anazotumia atapoteza chini kidogo ya nusu kilo kwa wiki. Akiongeza kutembea na kukimbia anaweza kufika gramu 700, na kwa watu wengi kilo moja kwa wiki ndiyo mwisho wa mwendo usiokula misuli. Kilo 16 kwa gramu 700 ni wiki 23, miezi mitano na siku kadhaa. Anayesubiri tangazo ndipo aanze ameshachelewa.

Wiki ya kwanza huwadanganya wengi. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu tatu za maji. Ukipunguza chakula ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka, mizani inashuka kilo mbili au tatu, mtu anashangilia. Wiki ya tatu inashuka nusu kilo, au inagoma kabisa, naye anaamua kukata mlo mwingine. Dawa ya hilo ni namna ya kupima: asubuhi, baada ya kujisaidia, kabla ya kula, kwa mizani ileile, kila siku. Kisha linganisha wastani wa siku saba na wastani wa siku saba zilizotangulia. Kupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili kati ya leo na kesho ni chumvi, maji na chakula kilicho tumboni. Wanawake walinganishe siku zilezile za mzunguko wa hedhi, maana maji huongezeka zinapokaribia. Na hedhi ikikatika kabisa wakati wa kupunguza uzito, chakula kimekuwa kidogo mno kwa mazoezi yanayofanywa. Hapo ni kuongeza chakula na kumwona daktari.

Kwenye chakula hatuna siri ya kuuza. Kalori zinazojificha zaidi ziko kwenye mafuta na vinywaji. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na anayemimina kwa macho humimina vitatu bila kujua. Chupa ya soda ya mililita 500 ina takriban gramu 50 za sukari, yaani kalori 200. Ukiyashughulikia hayo mawili tu, watu wengi wanaipata ile pungufu ya 500 bila kugusa sahani. Kinachotakiwa kuongezeka ni protini, kwa sababu mwili wenye njaa huchoma misuli pamoja na mafuta, na pushapu zinahitaji misuli hiyo. Lenga gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito unaoutaka. Kwa kilo 72 ni gramu 115 kwa siku. Yai moja lina takriban sita, gramu 100 za samaki au nyama isiyo na mafuta iliyopikwa zina kama 25, kikombe cha maharage yaliyoiva kina 15. Gawa kwenye milo mitatu. Anayeshinda na njaa mchana kutwa kisha akala usiku kama anayelipiza kisasi hujikuta mwisho wa wiki hajapunguza kitu, na mazoezi ameyafanya akiwa hana nguvu.

Kukimbia ndiko kunakovunja watu, kwa hiyo tutakaa hapo kidogo. Kila mguu unapotua, mwili hupokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Kwa mwenye kilo 88 hiyo ni zaidi ya kilo 170 kwa kila hatua, na kilomita moja ya mbio za polepole ina hatua zaidi ya 1,000. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache. Mifupa na kano huchukua miezi. Ndiyo maana mtu hujisikia ana pumzi wiki ya tatu au ya nne, anaongeza umbali, na ugoko unaanza kuuma papo hapo.

Katika zile wiki 23, nne za kwanza ziwe za kutembea tu, kwa haraka, dakika 40, siku tano kwa wiki. Wapo watakaodharau; kwa kilo 88 kutembea huko kunatosha kutoa jasho. Wiki ya tano anza kuchanganya: kimbia dakika moja, tembea mbili, mara kumi, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Dakika za kukimbia ziongezeke kidogo kila wiki, hadi wiki ya kumi ukimbie dakika nane na kutembea mbili, mara tatu. Kuanzia wiki ya 11 hadi ya 16 kimbia mfululizo dakika 20, kisha 30, kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa kuimaliza sentensi, punguza. Kasi inaingia wiki ya 17, si kabla ya hapo.

Chukua mtihani wa kilomita 2.4 kwa dakika 12, ambao ni mizunguko sita ya uwanja wa mita 400. Hiyo ni dakika mbili kamili kwa kila mzunguko. Mazoezi yake: mita 400 kwa dakika 1 na sekunde 55, tembea dakika mbili, rudia mara sita, siku moja kwa wiki, siku nyingine mbili zibaki za mwendo wa kusema sentensi. Anayefeli mtihani huu mara nyingi ameufeli kwenye mzunguko wa kwanza. Kundi linachomoka, naye anachomoka nalo na kumaliza mzunguko kwa 1:35. Wa pili anatumia 1:50, wa tatu 2:05, wa nne 2:20. Wa tano mabega yamepanda masikioni, ni 2:30, na wa sita anajikokota kwa 2:25. Jumla ni dakika 12 na sekunde 45. Akiba ya sekunde 25 aliyoiweka mwanzoni imemgharimu dakika nzima na zaidi. Mwenzake aliyeanza kwa 2:00, akaonekana wa mwisho na kuchekwa, amepita.

Maumivu ya ugoko ni ya aina mbili, na kuzichanganya ni hatari. Yakiwa yamesambaa kwa urefu kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, na yanapungua mwili ukishapata moto, punguza umbali kwa nusu, kimbia kwenye udongo au nyasi, angalia raba kama nyayo zimelika. (Raba hudumu kilomita 500 hadi 800, na mtu mzito huzimaliza mapema.) Lakini yakiwa sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, yanauma usiku, au yanachoma ukiruka kwa mguu mmoja, shuku ufa kwenye mfupa. Acha kukimbia siku hiyohiyo, nenda hospitali. Ukiulazimisha unaweza kuvunjika, na hapo unapoteza mwaka.

Pushapu hazina miujiza. Asiyeweza hata moja aanze na mikono juu ya meza imara, kisha benchi, kisha sakafuni. Fanya seti tano, kila moja nusu ya idadi unayoiweza ukijikaza, siku tatu kwa wiki, na pima kiwango kipya kila baada ya wiki mbili. Shuka mpaka viwiko vifanye pembe mraba, kiuno kisining'inie. Msimamizi hahesabu za nusu, na aliyezoea za nusu nyumbani hukuta 40 zake zimehesabiwa 18. Kwa kuning'inia kwenye chuma, ruka ufike juu kisha shuka polepole kwa kuhesabu hadi tano. Hapo kila kilo iliyoondoka ni faida ya bure.

Tumeviacha vya jasho makusudi. Nailoni, kujifungia kwenye joto, kutema mate, dawa za kuendesha na za kukojosha haviondoi hata gramu moja ya mafuta. Mwaka 1997, kati ya Novemba na Desemba, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walikufa wakikata uzito kwa nguo za mpira na mazoezi kwenye vyumba vya joto. Baada ya hapo mchezo huo vyuoni uliandikiwa kanuni mpya. Hao walikuwa vijana waliozoea mazoezi magumu. Hata asiyekufa anajiharibia: kupungukiwa maji kwa asilimia mbili ya uzito, ambayo kwa mtu wa kilo 80 ni kilo 1.6 tu, tayari kunapunguza uwezo wa mbio. Aliyetoa kilo tatu za jasho asubuhi kwa ajili ya mizani anakwenda uwanjani akiwa ameshindwa. Na mkojo ukitoka wa rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi mazito, misuli inavunjika na figo zimo hatarini. Hilo si la kusubiri kesho.

Wiki ya mwisho fanya nusu ya mazoezi uliyozoea. Siku mbili kabla ya vipimo vya afya usifanye zoezi zito kabisa, kwa sababu mazoezi makali huweza kuacha protini kwenye mkojo, na daktari asiyejua ulikuwa unafanya nini atashuku figo. Siku ya presha usivute sigara wala kunywa kahawa kabla, nenda haja ndogo kwanza, kaa kimya dakika tano, miguu yote chini. Mwenye mkono mnene aombe kwa adabu mkanda mkubwa wa kipimo. Ule wa kawaida ukibana mkono mnene husoma presha ya juu kuliko iliyopo, na tunaamini wapo wanaorudishwa nyumbani kwa sababu ya mkanda. Mwenye kisukari, pumu, maumivu ya kifua au BMI inayozidi 35 amwone daktari kabla ya wiki ya kwanza, si wiki ya 22.

Ombi letu la mwisho ni kwa wanaoandaa matangazo ya nafasi hizi. Vigezo vya uzito, kiuno na mbio vibaki wazi mwaka mzima, visitoke pamoja na tarehe ya usaili. Nawe Mhariri, ukurasa unaobeba tangazo la kuandikishwa jeshini usibebe pembeni yake tangazo la vidonge vya kupunguza kilo kumi kwa siku kumi. Wasomaji wa matangazo hayo mawili ni walewale.

Wenu,
Wakufunzi wa mazoezi ya viungo