Chama cha wafanyabiashara kifike hadi getini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wafanyabiashara wa Kigoma hulijadili kila siku vibarazani mwa maduka yetu lakini ni nadra kuliandika, nalo ni kazi ya vyama vya wafanyabiashara katika kutuunganisha na Serikali. Mimi ninauza nafaka kwa jumla hapa Mwanga. Maharage na mahindi ninayatoa Kasulu na Kibondo, na baadhi ya wateja wangu huvuka Ziwa Tanganyika na mizigo yao hadi Kalemie na Uvira, nchini Kongo. Ninachoamini ni kwamba chama huwa mpatanishi wa kweli pale tu kinapoibeba kero ya mtu mmoja kama suala la kanuni linalowagusa wengi, kikaiwasilisha kwa maandishi yenye ushahidi, kisha kikarudi na jibu hadi kwa mwanachama wa mwisho. Hapa nchini kazi hiyo tumeifanya nusu, na sababu zake ni za muda mrefu.

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, benki, bima na viwanda vikubwa viliwekwa mikononi mwa umma. Mwaka 1971 yakafuata majengo ya kupangisha. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika, ingawa haikuchukua muda ikalegezwa, na mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Bidhaa za jumla zikawa zinapitia kampuni za biashara za mikoa. Katika mpangilio huo mpatanishi kati ya Serikali na mfanyabiashara hakuwa na kazi, kwa kuwa Serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa mfanyabiashara mkuu. Aliyebaki na kiduka chake au na mtumbwi wa kubebea bidhaa alijifunza kuishi kwa kufahamiana: amjue mgawaji wa sukari, amjue mtunza ghala, amjue anayetia sahihi kibali. Kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi ikaongeza somo jingine, kwamba ni salama zaidi kunyamaza kuliko kusimama mbele za watu ukasema wewe ni mfanyabiashara na una dai.

Mlango ulianza kufunguliwa na bajeti ya 1984, iliyoruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, kisha mpango wa kufufua uchumi wa 1986, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Ndipo vyama vikaja: Chama cha Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Wakulima, yaani TCCIA, mwaka 1988, Shirikisho la Wenye Viwanda, CTI, mwaka 1991, Taasisi ya Sekta Binafsi, TPSF, mwaka 1998, na mwaka 2001 Baraza la Taifa la Biashara, ambalo mwenyekiti wake ni Rais na ambamo wajumbe wa Serikali na wa sekta binafsi wanakaa pamoja. Mikoani tunayo mabaraza yanayoongozwa na wakuu wa mikoa, na wilayani yanaongozwa na wakuu wa wilaya. Mpangilio huu ni mzuri na ninauheshimu. Lakini msomaji aangalie ulikotoka. Matawi ya TCCIA mikoani yalijengwa kwa sehemu kubwa kwa msaada wa Sweden, na mabaraza yaliundwa kwa uamuzi wa Serikali. Mambo yalianzia juu yakashuka, na wafanyabiashara wa chini waliyapokea kama wanavyopokea waraka.

Matokeo yake yanaonekana vikaoni. Nimewahi kuhudhuria kikao cha wadau ambacho ajenda yake ilitufikia asubuhi ya siku ileile, ukurasa mmoja, na kipengele cha "yatokanayo na kikao kilichopita" hakikuwamo kabisa. Taarifa za idara zilisomwa hadi saa saba mchana. Ilipofika zamu yetu, mwenzetu mmoja alisimama akaeleza mzigo wake uliokwama, mwingine akaeleza leseni ya duka lake, wa tatu akaomba kiwanja. Kila mmoja aliambiwa amwone afisa fulani baada ya kikao, na kila mmoja aliridhika. Hakuna aliyeuliza ni wangapi wengine mizigo yao imekwama kwa sababu hiyohiyo, wala ni kanuni gani irekebishwe ili isikwame tena. Tulitoka ukumbini tukiwa na namba za simu za maofisa, na hilo tuliliita mafanikio. Kwa maoni yangu ni ule utaratibu wa zamani wa kumjua mgawaji, isipokuwa safari hii tumeandaliwa viti na maji ya chupa.

Upande wa pili wa upatanishi, ule wa kuiteremsha sheria hadi kwa mwenye mzigo, ndio unaoniuma zaidi. Bajeti ya 2017/18 ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikaondoa kabisa ushuru huo kwa mzigo usiozidi tani 1 unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa mama mwenye magunia machache ya maharage huo ulikuwa ukombozi. Miaka michache baadaye nilikuwa ndani ya Fuso iliyosimamishwa kwenye geti la kukusanyia ushuru la halmashauri moja ambayo sitaitaja, na miongoni mwa abiria alikuwamo mama mwenye magunia sita, kila moja kilo mia. Kijana wa geti alipita akiyagonga kwa fimbo na kuyahesabu, akaandika kiasi kwenye kitabu chake, na yule mama akafungua fundo la kanga akalipa bila kuuliza neno. Nilipomwambia kwamba mzigo wake haukupaswa kutozwa, alinijibu, "Baba, wewe unayo hiyo karatasi?" Sikuwa nayo. Kijana wa geti hakuwa nayo vilevile, na sidhani kama alikuwa mwizi. Alikuwa na kiwango cha makusanyo alichopangiwa kwa siku, na hakuna aliyemletea maelezo mapya yaliyoandikwa.

Karatasi ile ilikuwa kazi ya chama. Nakala moja ya kifungu kile, kwa Kiswahili, yenye muhuri wa chama na sahihi ya ofisi ya mkoa, ikabandikwa kwenye kila geti kuanzia Kibondo hadi Kigoma mjini, ingeokoa fedha nyingi kuliko vikao kumi vya ukumbini. Tunaposema chama kinasimama kati ya Serikali na wafanyabiashara, mahali penyewe pa kusimama ni pale getini, ambapo wote wawili wanakutana na hakuna hata mmoja mwenye maandishi.

Yanayotokea mpatanishi asipofika huko tuliyaona Kariakoo. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka kupinga namna kodi ilivyokuwa ikikusanywa, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda mwenyewe kuwasikiliza. Juni 2024 maduka yalifungwa tena, na safari hiyo mgomo ukaenea hadi miji mingine. Wakati huo Baraza la Taifa la Biashara lilikuwa limeshafikisha zaidi ya miaka 20. Siwalaumu waliofunga maduka, maana mtu hufunga duka analolitegemea kwa chakula cha jioni pale tu anapokosa njia nyingine ya kusikika. Ninachouliza ni kwa nini madai yale hayakuwa yamepanda ngazi za vyama mapema, yakiwa na takwimu na mapendekezo, kabla kufuli halijawa ndiyo lugha.

Nchi nyingine zilizotoka katika uchumi wa kupangwa na dola zimepita njia hii, nasi tunaweza kuzitazama. Urusi ina umoja wa wenye viwanda na wajasiriamali ulioanza wakati Umoja wa Kisovieti unasambaratika. Kuanzia mwaka 2000 matajiri wakubwa waliingia katika uongozi wake, wakawa wanakutana na Rais Putin uso kwa uso. Ungedhani hakuna upatanishi ulio imara kuliko huo. Hata hivyo Februari 2003 mmoja wao, Mikhail Khodorkovsky, alizungumzia rushwa katika mkutano wa namna hiyo, na Oktoba mwaka huohuo akakamatwa. Umoja ule wa wenye viwanda ulitoa kauli, haukuwa na la zaidi. Wenye biashara ndogo walikuwa wameshaona kwamba meza ile haiwahusu, wakaunda chama chao, OPORA, mwaka 2002. Kiti cha karibu na mkubwa kina thamani kwa kadiri mkubwa anavyopenda, na kanuni iliyoandikwa haitegemei hilo.

Mfano ninaoupenda ni wa Vietnam. Chemba yao ya biashara na viwanda ilianzishwa mwaka 1963, chini ya utawala wa chama kimoja, na hadi leo haiko mbali na dola. Haikuhitaji kuwa adui wa Serikali ili iwe na manufaa. Sheria ya makampuni ya 1999, iliyoanza kutumika Januari 2000, ilifuta leseni nyingi zisizo na maana, lakini mikoani mambo yaliendelea kutofautiana, kama ilivyo kwetu. Kuanzia mwaka 2005 chemba hiyo, kwa msaada wa Marekani, ikaanza kuwauliza maelfu ya wafanyabiashara kila mwaka maswali ya kawaida kabisa: kusajili biashara kumekuchukua siku ngapi, ardhi umeipataje, umelipa chochote nje ya stakabadhi, umekaguliwa mara ngapi, nyaraka za mkoa unaziona kwa urahisi? Majibu yakajumlishwa, mikoa ikapangwa kwa alama kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na orodha ikachapishwa. Viongozi wa Da Nang na wa Quang Ninh walijivunia kuwa juu, na waliokuwa chini wakaanza kuuliza wafanye nini. Mfanyabiashara mmoja hakutajwa jina wala hakuhatarisha duka lake. Kero yake ilikwenda mezani ikiwa imechanganyika na za wenzake, na kwa hiyo haikuweza kujibiwa kwa "njoo ofisini tuongee".

Hili linawezekana Kigoma bila kumsubiri mfadhili. Boti zinapakia Kibirizi kila wiki, malori yanapita Manyovu kwenda Burundi, na tangu mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ina utaratibu wa cheti rahisi cha uasili, yaani karatasi ya kuthibitisha bidhaa imetoka nchi mwanachama, kwa mizigo yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Wangapi kati ya wanaovuka na dagaa au mchele wanaujua? Walioutumia ulikubaliwa ng'ambo au ulikataliwa? Stakabadhi za njiani zipo, zimekunjwa kwenye mifuko ya nailoni chini ya vitanda vyetu. Chama kikizikusanya kwa msimu mmoja tu, kikaandika tarehe, geti, aina ya mzigo na kiasi kilicholipwa, Mkuu wa Mkoa atakuwa na hesabu ambayo hata wasaidizi wake hawana.

Suala la ada halikwepeki. Hungaria iliwalazimisha wafanyabiashara kuwa wanachama wa chemba kwa sheria ya 1994, ikalegeza kwa sheria ya 1999. Slovenia nayo iliacha ulazima huo mwaka 2006. Mimi siungi mkono kulazimisha, kwa sababu chama chenye mapato ya uhakika kwa nguvu ya sheria hakina haja ya kumtafuta mwenye magunia sita. Lakini sisi nasi tuwe wakweli: wengi hatulipi ada hata ile ndogo, kisha tunashangaa chama kikitegemea ada za vyeti na semina za wafadhili. Anayelipa nauli ndiye anayeelekeza safari.

Najua pia maofisa watasema kwamba wafanyabiashara wanakwepa kodi, na kwamba wapo wanaouza bila risiti. Ni kweli wapo. Chama kinachoheshimika kiwaambie wanachama wake hivyo waziwazi, kama kinavyoiambia Serikali makosa yake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa viongozi wa vyama vyetu mkoani. Kabla ya kikao kijacho cha baraza la biashara, waitishe mkutano wa wazi pale Kibirizi na mwingine Kasulu, wakusanye stakabadhi, na taarifa yake waibandike kwenye mbao za matangazo sokoni wiki mbili kabla, ikiwa na orodha ya yatokanayo na kikao kilichopita na jina la ofisi iliyopaswa kutekeleza kila jambo. Na wachapishe ile karatasi ya ushuru wa mazao. Gharama ya nakala za magetini nitachangia, na ninao wenzangu hapa Mwanga waliokubali kuchangia.

Wako mtiifu,
Mfanyabiashara wa nafaka,
Mwanga, Kigoma