Mama, ni yale yale magadi

Saitama, Japani
Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitesa. Natumaini na nyie hapo Moshi hamjambo, na mguu wa Bibi kule Kibosho umepata nafuu. Mwambie Eliaichi akusomee taratibu, asiruke mistari kama kawaida yake.

Mama, juzi kwenye simu uliniuliza swali nikajifanya mtandao umekata. Nisamehe, haukukata. Uliuliza, "Hivi hao wadudu unaowafuga huko wanafuata nini kwenye magadi?" Jibu fupi sikuwa nalo, na Mama Neema nilimsikia hapo pembeni. Nikaona nitachekwa soko zima la Mbuyuni.

Magadi unayajua kuliko mimi. Unayaloweka, unaacha takataka zikae chini, unachota maji ya juu unatia kwenye kiburu cha ndizi na maharage, na yale maharage yaliyogoma tangu asubuhi yanalainika. Mkono ukiwa na kidonda unaruka. Sasa wapo bakteria, ndio hao wadudu wangu, ambao humo ndimo kwao. Wamejaa Ziwa Natron, na hata yale maziwa ya Momela tulikopelekwa na shule, ukanifungia chapati. Flamingo tuliowashangaa siku ile wekundu wao unatokana na chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho ni bakteria wa kijani wa maji ya magadi. Wengine hata ziwa hawahitaji. Mtafiti wa hapa Japani, Koki Horikoshi, alianza kuwasaka mwaka 1968, na akawapata hata kwenye udongo wa kawaida wa bustani. Usishangae wakiwepo na chini ya migomba yetu.

Shida yao ni hii. Maji safi kipimo chake cha pH ni 7, na namba ikipanda ukali wa magadi nao unapanda. Ninamowafugia mimi ni 10.5, lakini ndani ya mwili wao wanabaki kwenye 8.3 hivi. Usione tofauti ni ndogo, kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi. Zile chembe za haidrojeni tunazoziita protoni, huko nje ni haba kuliko ndani zaidi ya mara mia. Zikiwatoka, ndani nako kunakuwa magadi matupu na protini zao zinaharibika.

Kwa hiyo kwenye utando unaowazunguka kuna mashine inayofanya biashara ya kubadilishana. Inatoa nje sodiamu, ile iliyomo kwenye magadi yenyewe, inaingiza protoni ndani. Ila haibadilishani sawa kwa sawa. Ile iliyochunguzwa sana, ya bakteria wa tumboni aitwaye E. koli, inatoa sodiamu moja na kuingiza protoni mbili. Najua utasema hakuna mtu anayekubali biashara ya hivyo. Kweli, nyongeza inalipiwa, na inalipiwa kwa umeme. Bakteria akipumua, ndani yake kunakuwa na chaji hasi, na chaji hasi inavuta chanya. Protoni mbili chanya zikiingia na sodiamu moja chanya ikitoka, umeme unakubali. Hawa wa kwangu mashine yao imeungwa kwa protini saba tofauti. Saba, Mama, kwa kazi ya mlangoni tu!

Haya yote nilikuwa nimeyasoma, lakini niliyaelewa siku nilipoharibu kazi. Kabatini kuna chupa mbili za unga mweupe, moja kaboneti ya sodiamu, nyingine ya potasiamu. Nikachukua ya potasiamu bila kusoma. Nikapima, 10.5 kamili. Nikapanda bakteria wangu, nikaenda kulala. Asubuhi chupa ambayo hubadilika ikawa kama maji ya mchele, nikaikuta safi kama maji ya chemchemi, hawakuota. Nikarudia. Mara ya tatu msimamizi wangu akaichukua ile chupa ya kabatini, akaigeuza kibandiko kikanitazama, akaondoka. Angenigombeza ningeona afadhali. Ukali ulikuwa ule ule waliouzoea, ila sodiamu ya kubadilishana hawakuwa nayo, biashara ikafungwa.

Utauliza mbona sodiamu haiwaishii ndani kama wanaitoa kutwa. Ni kama mchezo wenu wa pale sokoni, hela ni ile ile inazunguka. Inarudi ndani imeongozana na chakula, na nyingine inapita kwenye mkia wao na kuuzungusha kama pangaboi. Kitu kinachonikosesha usingizi ni kwamba mashine ya kutengeneza nishati yao bado inaendeshwa na protoni zinazoingia kutoka nje, huko huko zilikoadimika. Wakubwa wangu hapa wanabishana juu ya hilo mpaka chai inapoa.

Jambo moja la nyumbani. Magadi yetu mengi yana floraidi, ile ile inayofanya watu wa upande wa Meru wawe na meno ya kahawia. Mwambie Mama Neema yule mdogo asipikiwe magadi kila siku, meno yake ya ukubwani bado yanajijenga. Wewe na Bibi meno yenu yalishapita hapo, endeleeni na kiburu.

Na usinitumie mengine. Yale niliyobeba kwenye gazeti, uwanja wa ndege walinikalisha karibu saa nzima, unga mweupe kwenye meza ya chuma, najieleza kuhusu maharage.

Eliaichi, nimetuma hela jana. Ya Bibi ni ya dawa ya mguu, na nitampigia kumuuliza kama imefika yote.

Mwanao,
Ndeshi